Dunia isiyo na wanaume wala wanawake: wasomaji walimlaumu Ursula Le Guin juu ya nini, na yeye alijibu namna gani

Mwaka wa 1969, mwandishi mwanamke wa Marekani, Ursula K. Le Guin, alitoa riwaya yenye jina The Left Hand of Darkness, maana yake "Mkono wa kushoto wa giza". Inasimulia dunia ya mbali sana ambako hakuna mtu anayezaliwa mwanaume wala mwanamke. Kitabu kilipendwa na kikapata zawadi mbili kubwa. Lakini wasomaji wengi, zaidi sana wanawake waliokuwa wakipigania haki za wanawake, walikibishia kwa miaka mingi.

Ubishi ulianzia kwenye neno dogo: lile ambalo Kiingereza kinatumia pahali pa "yeye". Mwandishi alikataa lawama kwanza, kisha pole pole akabadili mawazo, na akayaandika mabadiliko hayo wazi mbele ya watu wote. Kwa msomaji wa Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika, ubishi huu unagusa jambo la karibu, kwa sababu Kiswahili hakina shida ya lile neno. Ao angalau njo vile watu wanafikiri.

Mwandishi ni nani

Ursula Le Guin alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1929 kule Berkeley, katika jimbo la California. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaantropolojia, mtu wa kuchunguza desturi na lugha za makabila ya wenyeji wa California. Mama yake, Theodora Kroeber, alikuwa mwandishi pia. Ursula alikomaa katika nyumba ambamo watu walizoea kuuliza: desturi hii ilitoka wapi, na ingeweza kuwa namna ingine?

Alisoma fasihi ya Kifaransa, akaolewa Paris mwaka wa 1953, akazaa watoto watatu. Sehemu kubwa ya maisha yake alikaa Portland, katika jimbo la Oregon, na njo kule alikufa tarehe 22 Januari 2018.

Katikati ya miaka ya 1960, wanawake wa Marekani na Ulaya walianza tena kuuliza kwa nguvu maswali juu ya kazi, mshahara, ndoa na uzazi. Kule Ufaransa, Simone de Beauvoir alikuwa ameshatoa Le Deuxième Sexe mwaka wa 1949. Le Guin alieleza baadaye kwamba naye alikuwa na swali lake: mtu akiondolewa uanaume ao uanamke, ni nini kinabaki? Hakuandika hotuba. Aliandika hadithi, kwani kwake hadithi njo ilikuwa njia ya kufikiri.

Hadithi yenyewe

Dunia hiyo inaitwa Gethen. Wageni wanaiita pia Winter, yaani Majira ya baridi, kwa sababu theluji na barafu ziko karibu mwaka wote. Mjumbe mmoja, Genly Ai, anatumwa kule na muungano wa sayari nyingi, kwenda kuwaalika watu wa Gethen wajiunge nao. Genly Ai ni mwanaume mweusi kutoka dunia hii yetu. Watu wa Gethen pia wana ngozi ya kahawia. Wasomaji wengi walipita juu ya jambo hilo bila kuliona.

Watu wa Gethen wana mwili wa namna yao. Katika mzunguko wa siku 26 hadi 28, kwa wiki tatu hivi mtu si mume wala mke. Kisha zinafika siku chache ambazo wanaziita kemmer. Katika siku hizo mwili unageuka, mmoja anakuwa mwanaume na mwenzake anakuwa mwanamke. Hakuna anayechagua, na hakuna anayejua mbele ya wakati atakuwa nani. Mara hii anakuwa mwanamke, mara ingine mwanaume. Akishika mimba, anabaki mwanamke mpaka amalize kunyonyesha, kisha anarudi vile alivyokuwa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa mama wa watoto wawili na baba wa wengine watatu. Hata mfalme wa inchi ya Karhide, Argaven, anashika mimba ndani ya hadithi.

Mjumbe Genly anafika na macho yake ya mwanaume. Mtu anayemkodishia nyumba, anamwita kichwani mwake "mama mwenye nyumba", kwa sababu mtu huyo ana umbo nene na anapenda kuchunguza mambo ya watu. Siku moja Genly anamuuliza amezaa watoto wangapi. Anajibiwa kwamba hajazaa hata mmoja, lakini amezalisha wanne. Hapo njo msomaji anacheka, na anaanza kujiuliza yeye mwenyewe alimuona nani.

Mtu mkubwa wa hadithi ni Estraven, waziri mkuu wa Karhide. Anamuunga mkono mjumbe, anaangushwa madarakani, anafukuzwa inchini. Baadaye Genly anafungwa katika kambi ya inchi jirani, Orgoreyn, na Estraven anamtorosha. Wawili hao wanavuka jangwa la barafu kwa siku karibu 80, wakivuta gari la theluji kwa mikono. Kule njo Genly anakubali kile alichokuwa akikiogopa tangu mwanzo: rafiki yake ni mwanaume na ni mwanamke pia, na hawezi kumuelewa kama anatazama upande mmoja tu. Karibu na mwisho, Estraven anapigwa risasi kwenye mpaka.

Zawadi, kisha lawama

Kitabu kilipata zawadi ya Nebula, inayotolewa na waandishi wenzake, na zawadi ya Hugo, inayopigiwa kura na wapenzi wa hadithi za kisayansi. Hugo ilitolewa mwaka wa 1970 kwenye mkutano wao wa dunia kule Heidelberg, Ujerumani. Le Guin alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Hugo ya riwaya. Wakati ule hadithi za namna hii ziliandikwa zaidi na wanaume, na wanawake ndani yake walikuwa mara nyingi mabibi wa kuokolewa.

Lawama zilikuja karibu wakati mmoja na sifa, na ziliweza kugawanyika katika mambo matatu.

La kwanza ni neno. Kwa Kiingereza, ukitaka kusema "yeye", sherti uchague: neno moja la mwanaume, lingine la mwanamke. Le Guin alichagua la mwanaume kwa watu wote wa Gethen. Kufwatana na desturi ya Kiingereza cha wakati ule, neno hilo liliweza kutumika kwa mtu yeyote. Lakini wasomaji walisema: tukisoma kurasa mia tatu za neno la mwanaume, tunaona wanaume. Jambo la ajabu ni kwamba kitabu chenyewe kinakiri hatari hiyo. Ndani yake kuna ripoti ya mchunguzi mwanamke anayeitwa Ong Tot Oppong. Anaandika kwamba analitumia neno la kiume kwa kukosa lingine, na kwamba linamfanya kila mara asahau kuwa mtu aliye mbele yake si mwanaume.

La pili ni kazi. Joanna Russ, mwandishi wa Marekani na mpiganaji wa haki za wanawake, alisema mapema kwamba hata neno likiwekwa pembeni, mambo yanayosimuliwa ni yale ambayo watu wamezoea kuwapa wanaume: siasa, gereza, kutoroka, safari ya hatari. Mwandishi wa Poland, Stanisław Lem, alitoa lawama ya namna hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Estraven ni mzazi, lakini msomaji hamuoni akinyonyesha, akipika, ao akikesha na mtoto mgonjwa. Kama watu wa Gethen ni mama na baba kwa mara moja, upande wa mama uko wapi?

La tatu ni mapenzi. Katika kitabu, siku za kemmer zinaleta karibu kila mara mume na mke. Wasomaji waliuliza juu ya nini mwandishi, aliyekuwa na uhuru wa kutunga dunia nzima, alifunga mlango huo bila kueleza sababu.

Kulikuwa pia na wasomaji, wanawake kwa wanaume, waliokitetea kitabu kwa nguvu. Walisema kosa la kuona wanaume tu ni la Genly Ai, na kwamba njia yote ya hadithi ni kumponya na kosa hilo. Walikumbusha ukurasa ambamo Estraven, kule kwenye barafu, anamuomba Genly amueleze wanawake wa kwao ni watu wa namna gani. Genly anahangaika na maneno, anashindwa, na mwisho anakubali kwamba wanawake wa kwao ni wageni kwake kuliko watu wa sayari ingine. Kwa wasomaji hao, hakuna lawama kali kwa wanaume kuliko hiyo.

Mwandishi alibadili mawazo namna gani

Mwaka wa 1976 Le Guin alijibu katika makala yenye kichwa kinachouliza kama jinsia ni ya lazima. Alikubali lawama ya pili: msomaji hamuoni Estraven akiwa mama. Lakini juu ya neno alisimama imara. Alisema hataki kuiharibu lugha ya Kiingereza kwa kubuni neno jipya.

Hata hivyo mikono yake ilikuwa imeshaanza kujaribu. Mwaka wa 1975, alipochapisha upya hadithi fupi "Winter's King", iliyo ya dunia ile ile ya Gethen, aliweka neno la mwanamke kwa kila mtu, huku cheo cha "mfalme" akikiacha vile kilivyo. Mwaka wa 1985, katika maandishi ya filamu ya kitabu hiki, alijaribu neno la kubuni, akilitoa kwenye namna ya kusema ya watu wa sehemu fulani za Uingereza. Neno lenyewe lilikuwa "a". Ni bahati tu, hakulitoa kwenye Kiswahili. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kuacha kutabasamu: ni ile "a" ya "anakuja", "amelala", "alisema".

Katika mwaka wa 1987 alirudia makala yake ya 1976. Hakufuta maneno ya zamani. Aliyaacha yasomeke yote, na pembeni akaandika yale anayofikiri sasa. Alikubali kwamba neno la kiume si la watu wote, na kwamba linawafukuza wanawake katika mazungumzo. Alikubali pia kwamba aliwafunga watu wa Gethen katika mapenzi ya mume na mke bila sababu yoyote.

Jibu la mwisho lilikuja kwa njia ya hadithi. Mwaka wa 1995 alitoa "Coming of Age in Karhide", inayosimuliwa na kijana wa Gethen anayefikia umri wa kukomaa. Humo kuna jiko, shangazi, watoto wengi katika nyumba moja, aibu na furaha za mwili, na mapenzi ya namna mbali mbali. Hakuna mjumbe kutoka nje. Yale ambayo wasomaji waliyakosa kwa miaka 26, waliyakuta pale.

Inchi isiyojua vita

Kuna lawama ingine isiyohusu neno. Katika Gethen watu wanauana, koo zinalipizana kisasi, wafalme wanapanga njama. Lakini vita, yaani maelfu ya watu kuandamana na silaha kwenda kuua maelfu wengine, havijulikani. Wasomaji wengi walielewa hivi: hakuna wanaume, basi hakuna vita. Wengine walipinga. Walisema mafundisho hayo ni mepesi mno, na yanawasahau wanawake wanaounga mkono vita.

Kitabu chenyewe hakikati shauri. Mchunguzi Oppong anajiuliza kama sababu ni mwili ao ni baridi kali, kwani watu wanaopambana na barafu kila siku wanabaki na nguvu kidogo. Zaidi ya hayo, hadithi inaonyesha vita vikianza kuzaliwa. Karhide na Orgoreyn zinagombania bonde moja la mpakani, Sinoth. Waziri mkuu mpya, Tibe, anashika redio na kuhutubia watu kila siku juu ya fahari ya inchi, ardhi ya mababu na ubaya wa jirani. Estraven, kwa upande wake, alikuwa ameshamueleza mjumbe kwamba kile ambacho wakubwa wanakiita kupenda inchi, mara nyingi ni kumuogopa mwingine.

Kwa namna hiyo, watu wasio wanaume wala wanawake wanaweza pia kupelekwa vitani, kama kuna mtu wa kuwafundisha woga kila asubuhi. Msomaji anayeishi karibu na mpaka hana lazima ya kuelezwa zaidi.

Kwa Kiswahili, yeye ni nani?

Tafsiri ya Kifaransa, La Main gauche de la nuit, ilitoka mwaka wa 1971. Kwa Kifaransa shida ya Kiingereza inakuwa kubwa zaidi. Si "il" na "elle" tu: hata neno la kusema mtu amechoka ao amefika linabadilika, fatigué ao fatiguée, arrivé ao arrivée. Kila mtoto aliyesoma shuleni Congo alikatwa pointi juu ya ile "e" ya mwisho.

Kiswahili hakina mzigo huo. "Amefika, amechoka, anaomba maji": hakuna anayeweza kujua kama ni mwanaume ao mwanamke. Ni vile vile kwa Lingala, Mashi, Kinande na lugha zingine nyingi za Kibantu. Kwa neno "yeye", Estraven angebaki vile mwandishi alivyomtaka tangu mwanzo, mtu tu.

Lakini shida inarudi kupitia mlango mwingine. Kwa Kiswahili mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa: mmoja anatenda, mwingine anatendewa. Watu wawili wa Gethen wakifunga ndoa, ni nani ataoa? Sherti mtu aseme "wameoana". "Mwami ana mimba" ni sentensi sahihi, isiyo na kosa hata kidogo la sarufi, na bado kila mtu atageuza kichwa. Na mzazi ataitwa mama ao baba? Neno "mzazi" liko, lakini hakuna mtoto analolia nalo usiku.

Kuna pia yale ambayo akili inaongeza yenyewe. Mtu akisikia "mwenye chukudu ameanguka kwenye mteremko", anaona mwanaume. Akisikia "mbeba mizigo amepanda kilima na gunia mgongoni", pale Bukavu wengi wataona mwanamke. Hakuna neno lililowaambia. Kazi njo imewaambia.

Hapo lawama ya Joanna Russ inaonyesha nguvu yake. Lugha isiyo na jinsia inasaidia, lakini haitoshi. Kama hadithi, habari ya redio ao ripoti inamuonyesha "yeye" akiongoza mkutano tu, msikilizaji atamvalisha suruali. Akionyeshwa akiongoza mkutano huku mtoto amelala mgongoni mwake, picha inabadilika bila neno lingine.

Wanaofanya kazi ya sauti wanajua ugumu huo. Mwaka wa 2015, BBC Radio 4 ilitengeneza mchezo wa redio kutokana na kitabu hiki, katika sehemu mbili. Kwenye redio mtu hawezi kujificha nyuma ya neno: sherti achague sauti. Sauti ya Estraven ilipewa mwigizaji mwanamke, Lesley Sharp.

Kilichobaki

Waandishi waliokuja nyuma walijifunza kutokana na ubishi huu. Mwaka wa 2013, Ann Leckie wa Marekani alitoa Ancillary Justice, ambamo msimulizi anamwita kila mtu kwa neno la mwanamke, hata wanajeshi na wakubwa wa serikali. Kitabu hicho nacho kilipata Hugo na Nebula, na wasomaji wakajikuta, safari hii, wakiona wanawake pahali pote.

Kitabu cha Le Guin hakikubadilishwa. Neno la kiume liko bado katika kila ukurasa, na kinaendelea kusomwa katika shule na vyuo vikuu. Lawama za wasomaji zimekuwa sehemu ya historia yake: mwalimu anayekifundisha leo anafundisha pia zile lawama na majibu ya mwandishi.

Tarehe za kukumbuka

1929: Ursula Kroeber, baadaye Le Guin, anazaliwa Berkeley, California.

1969: The Left Hand of Darkness inatoka.

1970: Kitabu kinapata Hugo kule Heidelberg, baada ya kuchaguliwa kwa Nebula.

1971: Tafsiri ya Kifaransa, La Main gauche de la nuit.

1975: "Winter's King" inachapishwa upya na neno la mwanamke kwa watu wote.

1976: Makala ya kwanza ya kujibu wasomaji.

1987: Makala ile ile inarudiwa, mawazo mapya pembeni ya yale ya zamani.

1995: "Coming of Age in Karhide".

2014: Le Guin anapewa medali ya heshima ya National Book Foundation ya Marekani kwa kazi yake yote.

2015: Mchezo wa redio wa BBC Radio 4.

2018: Le Guin anakufa Portland, akiwa na miaka 88.